Mgongo wa Mkazamwana

Kyela, 14 Juni 1998

Kwa dada yangu Bibie, Unguja.

Assalaam alaykum, na baada ya salamu, shikamoo dada. Naishika miguu yako kwa mbali, maana hata ningekuwa hapo mbele yako nisingeweza kuinama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamepungua kuuma, na yale macho uliyosema yanaona vitu viwili viwili yamepata dawa. Mie huku sijambo kidogo, alhamdulillahi, ukiacha upande wangu wa kushoto ambao tangu ule ugonjwa wa mwaka juzi umesusa kabisa. Siulaumu sana, umenitumikia miaka sitini na sita bila kupumzika. Mkono wa kulia ndio huu unaokuandikia. Ukiona mistari inapanda kilima, ujue karatasi haina wa kuishika, nimeigandamiza na ile pasi yangu ya mkaa.

Umeuliza habari za kazi. Kazi hakuna, dada, hata ningekuwa na mikono minne. Tangu biashara ifunguliwe marobota ya mitumba yanashushwa hapa sokoni kila wiki, na mtu anapata suti ya kafa Ulaya kwa bei ambayo mie zamani nilikuwa siuzi hata vifungo. Nimemwona bwana harusi mmoja kavaa koti lenye jina la mwenyewe limeshonwa ndani, jina la Kizungu, naye anatabasamu! Cherehani yangu iko pembeni mwa chumba, imefunikwa shuka. Muksini, mwanangu na mwanao, yeye amepata riziki humo humo kwenye ruhusa hizi, ananunua kakao kwa wakulima anawapelekea matajiri wa Mbeya. Analala njiani siku tatu, siku nne. Simlaumu naye, maana ndiye anayenilisha.

Sasa nije kwenye lile swali lako. Umeniuliza, tena umelipigia mstari kama mwalimu wa chuoni, kwamba mie niliyezaliwa Ngazija nikakulia Unguja, kisha nikaiacha Unguja nikaja kujichimbia huku mwisho wa nchi, je, raha niliyoifuata niliipata? Wallahi nilikasirika. Nikasema huyu Bibie ana nini? Mtu kapooza nusu mwili anaulizwa habari za raha! Nikaikunja barua yako nikaitia chini ya mto. Lakini kila nikigeuza kichwa naisikia inalia, na mie siku hizi kazi yangu kubwa ni kugeuza kichwa.

Unajua nilikuja kwa mwezi mmoja tu, mwaka hamsini na saba, kumshonea nguo za harusi binti wa Mwarabu mmoja mwenye duka hapa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mie wakanipa vitambaa. Fundi wa kudarizi hakuwepo, kazi zikafuatana, mwezi ukawa mwaka. Nikamwoa marehemu Raudha, naye mtu wa pwani kama mie, tukampata Muksini baada ya kukata tamaa. Watu wa hapa walinipokea vizuri, sina la kuwasingizia. Raudha alipokufa, wanawake wa mtaani walilala kwangu siku saba, na wanaume waliteremka kutoka vijijini na mikungu ya ndizi na mchele wao huu unaonukia mpaka barabarani. Lakini miaka arubaini na moja, dada, bado ni yule Mngazija. Nyumba ya Mngazija, njia ya kwa Mngazija. Nilikuwa nikicheka. Tangu Raudha alipoondoka, sikuona tena cha kuchekesha.

Ndipo Muksini alipooa, miaka sita iliyopita. Alimwoa binti wa Busale anayeitwa Lusungu, mtoto wa Mzee Angetile, mkulima wa mpunga na mzee wa kanisa. Binti akasilimu kwa hiari yake, akafunga Ramadhani zote, na kwa usafi na bidii hukuti mfano wake. Nikafurahi. Nikasema sasa nimepata binti, nyumba itakuwa na sauti. Kwetu si unajua, mkazamwana ni mtoto wako, anakuandalia chai, anakugombeza ukivaa koti chafu, mnakaa barazani mnasengenya wapitao.

Lo! Dini alibadili, mila hakubadili. Kwa Wanyakyusa, hasa wale wa nyumba za kizamani kama ya Mzee Angetile, mke wa mwanao hakusogelei. Wenyewe wanaita ukutila. Hakutazami usoni, hakutaji jina, hapiti mbele yako, hakugusi wala hagusi kitanda chako. Wanaamini akivunja, balaa litamfika yeye au tumbo lake. Nikikaa barazani, Lusungu alizunguka nyumba nzima kwa migombani ili aende kisimani. Siku ya harusi alifunikwa gubigubi, na baada ya hapo nilichokiona ni ncha tu ya kanga ikipotea mlangoni. Chakula alikiweka juu ya kigoda ukumbini, anakohoa, anaondoka. Akiwa na neno kwangu alimwambia kuku: we kuku, maji ya kuoga yako tayari. Na mie nikamjibu kuku kwa lugha yao: ndaga fijo, asante sana.

Muksini alinieleza mara nyingi kwamba hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote, kwamba baba mkwe asiyekimbiwa ndiye asiyeheshimiwa. Kwa akili nilielewa. Kwa moyo sikuelewa hata siku moja. Moyoni nilisema ananikimbia kwa kuwa mie ni mtu wa kuja.

Nilipopooza mambo yakawa mazito zaidi. Kuoshwa, kugeuzwa, kukalishwa, yote hayo aliyafanya Muksini akiwepo. Asipokuwepo alikuja Zebedayo, jirani yetu wa nyuma, mzee mwenzangu aliyewahi kunipa ndama bure kwa sababu nilimshonea mkewe gauni la Krismasi. Zebedayo ana mikono kama mbao na hodari wa mazungumzo, ananisugua huku ananisomea habari za mtaa mzima. Mkazamwana wangu alikuwa upande wa pili wa pazia, hatua tatu tu, anachemsha uji, anafua shuka zangu, ananisikia nikikohoa usiku na mchana. Zebedayo akishaondoka, kutwa nzima sisemi na mtu ila kuku.

Mwezi wa nne, zile mvua za Elnino zilikuwa bado hazijachoka. Muksini alikuwa Mbeya, barabara imekatika, gari hazishuki. Baada ya adhuhuri maji yaliingia uani, yakapita jikoni, yakaja ukumbini, mara nikaona ndala zangu zinaelea chumbani zinakwenda zake. Kitanda changu ni cha miguu mifupi. Maji yalipogusa godoro, nikaita. Nilimwita Lusungu kwa jina lake. Halafu nikamwita yeye huyo huyo: mwanangu!

Pazia likafunguka, nikauona uso wa mkazamwana wangu kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Ana kovu dogo juu ya jicho, dada. Nilikuwa silijui. Hakunitazama. Aligeuka, akachuchumaa ndani ya maji, akanipa mgongo. Nikamshika shingoni kwa mkono wangu mzima, akaninyanyua. Mie nimebaki mifupa, lakini mifupa nayo ni mzigo, na uani maji yalimfika kiunoni. Akapita nami migombani, anatetemeka, anasema maneno ya Kinyakyusa taratibu, nadhani alikuwa anaomba. Tulipofika tuta la barabara akanilaza juu ya magunia ya watu, akajifunika uso, akaenda kusimama mbali akilia. Hatua kama arubaini kwa jumla. Nilizihesabu.

Sasa sikia jambo ambalo sikulijua. Lusungu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya kwanza, baada ya miaka sita ya kungoja! Mtaa wote ulijua, hata Zebedayo na domo lake alijua, ila mie, kwa kuwa habari za tumbo la mkazamwana hazisemwi mbele ya baba mkwe. Walinificha kwa heshima. Siku ya tisa baada ya mafuriko mimba ikatoka. Mkunga wa zahanati akasema ni kwa sababu ya kubeba kitu kizito kwenye maji baridi. Kitu kizito, dada. Wazee wa Busale wakasema ni kwa sababu alimgusa mkwe. Mie siamini habari za mkwe, lakini ukiziweka kauli hizo mbili pamoja, zote zinanionyesha mie kidole.

Mwanzoni mwa mwezi wa tano Mzee Angetile alikuja na wazee wanne. Nikatolewa barazani, nikaegemezwa kwenye kiti kwa mito. Walinisalimu kwa adabu zote, mugonile, mugonile, wakauliza afya yangu, wakanipa pole ya nyumba. Kisha wakaeleza kwamba hawakuja kugombana. Wakasema mafuriko hayajui mkwe wala mkazamwana, na kama siku ile hapakuwa na mtu mwingine wa kunitoa, basi binti yao hana kosa, atachinjwa mbuzi, wataomba, yatakwisha. Nikashusha pumzi.

Lakini Zebedayo alikuwepo, na Zebedayo ni mtu ambaye hawezi kudanganya hata kwa wema. Akasema kwa masikitiko kwamba yeye alikuja. Alisimama dirishani kwangu maji yakiwa magotini, akaita mara mbili kama nipo, anitoe. Hakujibiwa. Akadhani Muksini amerudi kanihamisha, akakimbilia mbuzi wake.

Mzee Angetile akanigeukia, akaniuliza kama nilimsikia. Nikasema mvua juu ya mabati ilikuwa kubwa mno, sikusikia kitu. Wakamuuliza Lusungu, aliyekuwa amekaa ndani nyuma ya mlango. Naye akasema hakusikia. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema mgonjwa anaweza asisikie, lakini kijana mwenye masikio yake, yuko jikoni, dirisha liko pale? Basi alisikia, akaacha kumwitikia mwanamume, akaenda kumshika baba mkwe kwa kupenda kwake, akiwa na mtoto tumboni. Mzee Angetile aliinamisha kichwa, nikaona amezeeka pale pale kitini.

La wazee ningelivumilia. Lililoniua ni la Muksini. Yeye mambo ya mila hayamsumbui, lakini alisimama mlangoni akamwuliza mkewe kwa nini hakumwitikia Zebedayo. Angemwitikia, mtoto wao angekuwa hai. Akamwuliza tena. Lusungu hakujibu. Wakamchukua kesho yake, akakae kwao mpaka neno lipatikane. Sasa ni wiki tano. Muksini hajakanyaga Busale hata mara moja. Anarudi safari, ananiosha, ananilisha, analala chali anatazama dari. Mwisho wa mwezi huu wazee watarudi, na akisema hamtaki tena, ndoa imekwisha.

Dada Bibie, mie nilisikia.

Nilimsikia Zebedayo vizuri kama ninavyosikia kalamu hii inavyokwaruza. Nilisikia mara ya kwanza, nikasikia mara ya pili. Nilikuwa na pumzi ya kujibu. Nilifunga mdomo, nikangoja mpaka nikasikia miguu yake inaondoka majini, ndipo nikamwita Lusungu. Usiniulize shetani gani. Hapakuwa na shetani, palikuwa na mzee ambaye tangu mkewe afe hakuguswa ila kuoshwa kama sufuria. Nilisema leo atakuja. Leo hana njia, huyu mtoto atanishika kama mtu wa nyumbani kwake. Wallahi sikujua habari ya mimba. Lakini barazani, mbele ya wazee, bado nilidanganya, na hapo nilikuwa najua kila kitu.

Tena si hayo tu. Asubuhi ile ya kuondoka, mizigo yake iko nje, alikuja akasimama nyuma ya pazia langu. Nilijua ni yeye kwa kikohozi. Kuku hawakuwepo, walikufa maji, kwa hiyo aliliambia pazia. Akasema, we pazia, siku ile nilimsikia mzee wa nyuma anaita. Nikasikia na humu ndani kimya. Nikajua aliyemo ndani ananitaka mimi nije, na alivyoniita mwanangu hakuniita bure. Basi asisumbuke moyo, mimi sitasema. Halafu akaondoka. Nikasikia mizigo yake inanyanyuliwa nje, nami sikumwita.

Umeona, dada? Alijua. Alijua Zebedayo yupo, alijua ana mtoto tumboni, alijua mila ya baba yake, na alinipa mgongo. Kisha akaubeba uongo wangu mbele ya baba yake na mbele ya mume wake, kwa sababu kusema kweli kungenivua nguo mie mbele ya watu. Miaka sita nikasema msichana huyu ananidharau. Subhanallah!

Kila Muksini akinishika kunigeuza nasema sasa. Naanza, nasema Muksini, ananijibu naam baba, basi nasema nipe maji. Nimekunywa maji ya kuzamisha mtu kwa wiki hizi tano. Namwogopa mwanangu. Ndiye mikono yangu na ndiye miguu yangu, akiniacha nitaozea kitandani hapa. Aibu kubwa zaidi ni kwamba nikipima, ninaogopa hilo zaidi ya ninavyomhurumia Lusungu. Sikujua mtu anaweza kuzeeka akawa hivi.

Sasa nakujibu swali lako, maana umenilazimisha. Nimekaa nimetafuta. Nilikuwa na raha na Raudha, raha ya kila siku ambayo mtu haioni mpaka iishe. Nilikuwa na raha Muksini alipozaliwa. Lakini ukiniuliza lini nilikuwa na furaha nikajua nina furaha, saa ile ile, bila kungoja kuikumbuka, ni zile hatua arubaini. Maji yanapita, mtoto wa watu anatetemeka chini yangu, mie uso wangu uko kwenye kanga yake iliyolowa, inanuka moshi wa jikoni, nikasema moyoni Ahmada, umefika. Nilikuwa na furaha, dada, wakati mjukuu wangu anakufa. Hiyo ndiyo raha niliyoipata huku bara, na sijui niiweke wapi.

Umesema nirudi Unguja, chumba kipo. Ahsante. Siwezi kusafiri, na hata ningeweza, nitamwachia nani haya?

Nisalimie wote wanaonikumbuka, na wasionikumbuka usiwasumbue. Niombee dua, lakini uniombee moja tu, nipate mdomo. Ukipata nafasi nijibu, hata ukiwa umekasirika, andika hasira zako, nitazisoma.

Barua zangu zote Muksini huzisoma kabla ya kuzifunga, maana ndiye anayeandika anwani na kukuongezea salamu zake chini. Ningeweza kumpa Zebedayo hii akaitie posta. Nimeiweka juu ya cherehani, pale anapoweka funguo zake. Nimemwachia nafasi.

Wako ndugu yako mdogo,
Ahmada

*

Shangazi Bibie, shikamoo.
Nimesoma. Nawahi gari la kwenda Busale, kwa hiyo sitaandika mengi. Baba nimemwosha na kumpa chai. Anajua nimesoma, ananitazama tangu asubuhi. Sijamwambia kitu.
Muksini